Kutoa foamu kwenye mabati ya koldrumu na friji bovu: ukwangue, ukate kwa waya, upige grainda au uchome?

Kama upo Mwanza na unajishughulisha na vyuma chakavu utakua umeshaziona hizi paneli, zile nene za koldrumu, yaani vyumba vya baridi, za viwanda vya minofu ya samaki, nje bati jeupe, ukizikata unakuta njano tupu katikati. Zinatoka viwandani wakibomoa au wakibadilisha, zinatoka kwenye maboksi ya Fuso za samaki, kwenye makontena ya baridi, alafu kuna madipfriza mabovu ya Kirumba na Igoma ambayo hayahesabiki. Na bati lake zuri jamani. Unakuta aluminiamu safi, unakuta stenlesi, au bati la rangi ambalo upande wa nje kutu haijaligusa kabisa. Shida ni hiyo foamu, imeng'ang'ania hadi fundi anakwambia bora ukanunue bati jipya.

Watu wengi wanachagua njia ya kuitoa kwa kuangalia foamu ilivyo nene, na mi naona hapo ndo wanapotea. Unene sio kazi. Sentimita kumi za foamu anazitoa mtu yeyote mwenye msumeno. Kazi iko kwenye ile ngozi ya mwisho, milimita moja au mbili zilizogusana na bati, hiyo ndo inakula siku nzima, inakula brashi, inakula umeme, na ndo inafanya watu washike kiberiti. Kwahiyo humu ntazilinganisha njia kwa kuangalia zinavyoifanya hiyo ngozi, na bati lenyewe linabaki katika hali gani, maana bati la kujengea banda la kuku na stenlesi ya meza ya kukatia samaki haviwezi kwenda njia moja.

Kwanini inang'ang'ania hivo? Kwasababu haikubandikwa na gundi, yenyewe ndo gundi. Kiwandani wanachanganya vimiminika viwili, polioli na isosayaneti, wanamimina katikati ya mabati mawili, mchanganyiko unavimba unajaza nafasi yote na kugandia hapohapo kwenye bati. Ikishakauka imekauka, hairudi kua kimiminika, sio plastiki ya ndoo ambayo ukiipasha inalainika unaikunja. Ukiipa moto inaungua, haiyeyuki. Ukiimwagia thina inakuangalia tu. Ukilielewa hili nusu ya ushauri unaopewa kitaani unaufuta mwenyewe.

Kwanza ujue una nini mkononi

Foamu ya njano au ya kahawia, ngumu, ukiikwangua kwa kucha inatoa unga, hiyo ni poliyurethani. Kuna nyingine nyeupe ya vipunjepunje, ileile inayokuja kwenye boksi la TV, hiyo ni polistairini na baadhi ya paneli za bei ya chini zinayo. Hii ya pili ni rahisi mno, inang'oka mapandepande na inabakiza mistari ya gundi tu. Ukiwa na wasiwasi kata kipande kidogo pembeni, peleka mbali na moto, dondoshea tone la petroli: nyeupe itanywea na kua uji unaonata, ya njano itabaki ilivyo. Ila ni kipande cha kupimia tu, usije ukasema basi ntamwagia petroli bati zima, huo uji unanata kwenye bati na ukishika moto hauzimiki kirahisi.

Alafu bati. Chukua sumaku, hata ya spika mbovu. Isiposhika kabisa na bati ni jepesi, ni aluminiamu. Isiposhika na bati ni zito na gumu, hiyo ni stenlesi ile nzuri. Ikishika inaweza kua chuma cha kawaida chenye zinki na rangi, lakini ipo pia stenlesi inayoshika sumaku, kwahiyo kwangua kidogo uone kama chini kuna rangi au kunang'aa hivyohivyo.

Kwa friji na dipfriza soma stika ya kwenye kompresa kabla hujafanya chochote. Ikiwa imeandikwa R600a hiyo gesi inashika moto, na friji nyingi za aina hiyo foamu yake nayo ilivimbishwa kwa gesi inayoshika moto, kwahiyo grainda inayorusha cheche sio kitu cha kuanzia. Yale mafriji ya zamani sana, ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990, foamu yake ina gesi ya CFC-11, moja ya gesi zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni, na hiyo inachemka kwenye nyuzi 24 hivi, yaani joto letu la kawaida la mchana, kila unapoivunja inatoka. Fundi wa friji mwenye vifaa aitoe gesi ya kwenye mabomba kwanza. Mabomba yenyewe kwenye dipfriza nyingi yamefukiwa ndani ya foamu, yamebandikwa nyuma ya bati, ukiingiza msumeno bila kujua unayakata.

Na swali ambalo watu hawajiulizi: lazima uitoe? Dipfriza bovu ambalo mwili wake mzima, mfuniko unafunga vizuri, pale mwaloni wanaposhushia samaki kuna mtu atalichukua likae barafu na sangara bila kompresa wala waya. Ukilivunja upate bati la nje lenye unene wa nusu milimita umeua kitu chenye bei kubwa ukabaki na kitu chenye bei ndogo. Paneli nayo, kama haijalowa maji ndani na kingo zake nzima, iuze ikiwa paneli. Kuvunja ni kwa zile zilizopasuka, zilizoingia maji, zilizokatwa vibaya. Ukiinyanyua ukaona nzito isivyo kawaida, hiyo imekunywa maji.

Kuondoa unene: msumeno, waya au kubomoa

Kubomoa kwa beleshi au sululu ni haraka na hakuna cha kununua, mafundi wengi wanaanza hivyo. Hasara yake ni mbili, bati jembamba linabonyea na kupata mashimo ambayo hayanyooki tena, na foamu inakua vipande elfu moja ambavyo upepo unavichukua. Mi ningefanya hivi kwa bati linaloenda kuuzwa kwa kilo tu.

Msumeno wa mbao wa mkono, ule mrefu, unaulaza karibu sambamba na bati unakata kama unapasua ubao. Unafanya kazi vizuri, unabakiza nusu sentimita hivi, ila kwa paneli pana msumeno haufiki katikati mpaka uikate paneli vipande kwanza.

Waya ndo naupenda mimi. Unachukua kebo ya chuma ya klachi ya pikipiki au ya breki ya baiskeli, unafunga vijiti viwili kwenye ncha, watu wawili mmoja huku mmoja kule mnavuta kwa zamu huku mnaikandamiza kwenye bati. Inapita kwenye foamu taratibu lakini kwa kunyooka, inafuata bati lenyewe kwahiyo inabakiza ngozi nyembamba kuliko msumeno, na faida kubwa zaidi ni kwamba foamu inatoka ikiwa ubao mzima. Ule ubao una mteja. Wanaotengeneza masanduku ya barafu ya kupeleka Ukerewe wanautaka, wenye vifaranga wanautaka kwa ajili ya bruda, hata mwenye chumba chini ya bati chenye joto lile la mtaa wa Mabatini anaweza kuuweka juu ya dari, ila auzibe kwa jipsamu au mbao, asiuache wazi ndani ya nyumba maana ukishika moto ni hatari. Kwenye njia nyingine zote foamu inakua takataka ya kulipia.

Kwa dipfriza waya haufai kwasababu ya yale mabomba, hapo rudi kwenye kisu kirefu na subira.

Kabla sijasahau hesabu ya mzigo. Paneli ya mita 3 kwa mita 1 yenye unene wa milimita 100: mabati mawili ya chuma ya nusu milimita yana kama kilo 12 kila moja, na foamu ya katikati, ambayo kwa kawaida ni kilo 40 hivi kwa mita ya ujazo, nayo inafika kilo 12. Yaani theluthi ya uzito unaobeba sio chuma, na kwa nafasi karibu yote sio chuma, kirikuu inajaa paneli chache tu mafuta yanaenda kubeba hewa. Ndo maana kuondoa unene kunafanyika vizuri zaidi kulekule zinakobomolewa, wakikuruhusu, alafu ile ngozi ya mwisho unaimalizia kwako.

Ngozi ya mwisho

Hapa ndo penyewe.

*Kukwangua kwa mkono.* Sio kwa kile kikwangulio cha rangi cha dukani, kile kinapinda. Nenda kwa fundi wa kuchomelea mpe kipande cha springi ya gari, akikate upana wa kiganja, akinoe upande mmoja, akichomelee kwenye bomba la urefu wa mpini wa jembe. Mwambie azungushe pembe mbili za mbele zisiwe kali, pembe ndo zinazochana bati. Unalaza bati kwenye kitu bapa kabisa, na hapa Mwanza tuna bahati, mawe bapa yamejaa kila mtaa wa mlimani, unatandika turubai juu ya jiwe unaweka bati unasukuma kwa pembe ya chini, karibu kulala. Ukisimamisha kikwangulio kinachimba. Ngozi inatoka kama magamba ya sato, mahali pengine utepe mrefu, mahali pengine inakataa na unarudia.

Kwa ukweli mkwanguo hautoi asilimia mia. Unabakiza vivuli vya njano, vumbi lililoshika kwenye rangi. Ila angalia kilichobaki chini: rangi ya mgongo wa bati ipo, zinki ipo, bati limenyooka. Hakuna njia nyingine inayokuachia hivyo. Jasho linakutoka lakini umeme haukuhusu, na vumbi ni kidogo maana inatoka vipande.

*Grainda na brashi ya waya.* Hii ni ya haraka kupita zote na ndo wengi wanaikimbilia. Grainda ndogo ya diski ya milimita 115 yenye wati 800 au 900 haili hata uniti moja kwa saa, kwahiyo LUKU sio tatizo, tatizo ni brashi zenyewe. Brashi ya kikombe ya bei rahisi inatema nyaya, na kwa mizunguko 11,000 kwa dakika ule waya unaingia kwenye shavu kama sindano ya daktari asiye na huruma. Kabla hujaifunga soma ubavuni imeandikwa mwisho mizunguko mingapi, kama ni ndogo kuliko ya grainda yako iache. Vaa ngao ya uso mzima, miwani peke yake haitoshi.

Vumbi lake ndo baya. Ni unga mwepesi unaoelea, unawasha ngozi na macho na ukivutwa kifuani unakohoa usiku kucha. Barakoa ya kitambaa haizuii, tafuta zile za N95 zinazokaa vizuri puani. Na usikandamize. Ukikandamiza foamu inapata joto inaanza kutoa moshi wenye harufu kali, hapo sio vumbi tena, unavuta kemikali. Mkono mwepesi, pita mara mbili.

Kwa bati la rangi grainda ni adui, na hili nalisema kwasababu ndo naona likifanywa kila siku. Bati la kawaida la gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba lina zinki ya maikroni 20 hivi kila upande, hiyo ni nyembamba kuliko unywele wako. Brashi ya waya ikikaa sehemu moja sekunde chache zinki imeondoka, unaona bati linang'aa unafurahi kumbe umelivua nguo, mvua za vuli zikianza linakua jekundu. Kama huna budi, tumia diski ya nailoni ile ya matundumatundu badala ya waya, inakula taratibu na haichimbi, bei yake iko juu lakini haitemi nyaya.

*Jua.* Njia ya mtu asiye na haraka na naona haithaminiwi. Mionzi ya jua inaivunja poliyurethani juujuu, inageuka kahawia alafu inakua unga. Sisi tuko karibu na ikweta na ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, jua letu sio la mchezo. Ukishaondoa unene ukabakiza ngozi nyembamba, laza mabati nje upande wa foamu ukiangalia juu, uyainamishe maji yasituame, uyasahau msimu mzima wa kiangazi. Baada ya hapo kikwangulio kinapita kirahisi mno, na brashi ya mkono inamalizia. Foamu nene jua haliingii, linachoma juu tu, kwahiyo usiweke paneli nzima juani ukategemea muujiza. Ubaya mwingine unaujua mwenyewe, mabati yaliyolala nje miezi kadhaa yanaweza kuamka na kutembea.

*Mashine ya kuoshea magari.* Peke yake kwa foamu nzima haiwezi, inachora mistari tu. Baada ya jua au baada ya mkwanguo ni nzuri kwa vile vivuli. Ila inarusha vipande kila upande na maji yake yakienda mtaroni yanaenda ziwani, sasa hapo fikiria unapofanyia.

*Joto kidogo.* Mafundi wa tinti wana ile mashine ya kupuliza hewa ya moto. Ukipasha bati kwa nyuma, upande usio na foamu, rangi iliyo chini ya foamu inalegea na ngozi inang'oka kirahisi zaidi, rangi nayo inaondoka. Kwa bati nene la aluminiamu la boksi la gari inasaidia kwenye pembe na kona. Mpaka wake ni pua, ikianza kunuka umeshapitiliza, maana ikikaribia nyuzi 200 na kwenda juu foamu inaanza kuvunjika na kutoa gesi. Nje tu, kwenye upepo, sehemu ndogondogo.

*Dawa.* Thina, petroli, asetoni: hapana. Asetoni inasafisha ile foamu ya kopo, ya kupuliza, ambayo bado mbichi, ikishakauka haina habari nayo, utapoteza hela na kulewa harufu. Rimuva ya rangi, zile kali zenye dikloromethani, ndio, zinaivimbisha foamu na kuiachisha na bati, hilo ni kweli. Ila hiyo kitu ukiivuta mwili unaigeuza kua monoksaidi ya kaboni ndani kwa ndani, imeua watu waliokua wakifanya kazi kwenye vyumba vilivyofungwa, na Marekani waliizuia kuuzwa kwa watu wa kawaida kwa kazi ya kubandua rangi mwaka 2019. Kopo moja halimalizi hata bati moja kubwa. Mi siioni maana yake kwa kazi hii.

Kuna wanaosema kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Kwenye aluminiamu usijaribu kabisa, inakula bati na kutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka, na zinki inaila vilevile. Foamu utaikuta imekaa palepale.

*Kuchoma.* Ndo njia inayotumika zaidi, tusidanganyane, jioni ukiona moshi mweusi mzito nyuma ya yadi ya skrepa ujue. Inaonekana ya bure. Sasa angalia unachopata. Foamu haiishi yote, inaacha kaboni ngumu nyeusi imeshika kwenye bati, hiyo utaikwangua bado na ni ngumu kuliko foamu. Bati la nusu milimita linajikunja, halilali tena. Zinki na rangi zimeondoka, au zimebaki madoadoa. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 na moto wa foamu ukiwa mkubwa unafika huko, unakuta kingo zimedondoka. Kwa hiyo bati la kutumia tena umeshaliua, umebaki na chuma cha kilo na kilo chenyewe kichafu.

Na moshi. Poliyurethani ikiungua inatoa monoksaidi ya kaboni na sianidi ya hidrojeni, na sianidi ndo hiyohiyo sayanaidi. Watu wa Geita sayanaidi wanaijua kwenye kuchenjua dhahabu, wanaiogopa na kuifungia stoo, hapa tunaipuliza hewani watoto wakiwa wanacheza pembeni. Zinki ikiungua nayo moshi wake mweupe ukiuvuta mchana, usiku unatetemeka na homa unadhani malaria, unaenda kupima hamna kitu. Hii nasema usiitumie kabisa, kwa bati lolote, hata la skrepa.

Sasa uchague vipi

Anza na bati linaenda kufanya nini, hapo majibu yanajileta.

Bati la rangi la ukuta wa banda, uzio, choo cha nje: waya kisha kikwangulio, basi. Usihangaike na vivuli. Kama upande wenye foamu utaangalia ndani, hautapata maji na hakuna kuku wa kuidonoa, hata ile ngozi nyembamba unaweza kuiacha, inapunguza kelele za mvua. Ukielekea nje itoe, maana matundu ya foamu iliyokatwa yanashika unyevu na chini yake kutu inaanza bila kuonekana. Baada ya kukwangua paka praima ya zinki pale palipochubuka.

Aluminiamu: ni laini, kikwangulio kisiwe kikali sana, kona malizia kwa diski ya nailoni au brashi ya stenlesi, kamwe sio brashi ya chuma cha kawaida. Ile inayoenda kwa watengeneza sufuria kuyeyushwa haihitaji kung'aa lakini ikienda na foamu inaleta moshi na taka nyingi kwenye tanuru, na mnunuzi anayejua kazi atakukata bei au kukurudisha.

Stenlesi: hii ndo inayolipa, kwahiyo ndo ya kuipa muda. Mkwanguo, jua kama una nafasi, alafu brashi ya stenlesi. Ukipitisha brashi ya chuma cha kawaida inaacha chembe zake kwenye stenlesi, wiki mbili mbele unaona madoa ya kutu kwenye kitu ulichouza kama hakipati kutu, mteja anakurudia. Kwa meza ya samaki au ya mama lishe geuza upande, ule uliokua unaangalia ndani ya koldrumu ndo uwe juu, ulitengenezwa kwa ajili ya chakula na haujawahi kuguswa na foamu. Upande wa foamu uwe chini na huna haja ya kuumaliza kabisa, ila kona na mikunjo safisha vizuri uchafu usikae.

Kinachoenda kuchomelewa: hapo hakuna ujanja, safisha mpaka chuma, angalau sentimita kumi kila upande wa mstari wa kuchomelea, pande zote mbili za bati. Hapa grainda inaruhusiwa maana zinki ya pale itaungua tu. Mwambie fundi ilikua paneli, asije akaweka kichwa juu ya moshi.

Bati la dipfriza: nusu milimita au pungufu, limejaa alama za mabomba. Kwa maoni yangu halilipi muda wa kulisafisha vizuri. Toa shaba na aluminiamu, bati kwangua kwa beleshi liende kwa kilo.

Pa kufanyia na upepo

Hili naliweka kwasababu ya tulipo. Mtu anaona ufukweni kuna nafasi na maji anapeleka kazi hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na hata sheria isingekuwepo, punje za foamu zinaelea, hazizami na hazioni haya, zinazunguka kwenye magugu maji mpaka samaki wanazidokoa. Upepo wa hapa una tabia, usiku na asubuhi mapema unatoka nchi kavu kwenda ziwani, ikifika mchana unageuka unatoka ziwani kuja huku. Kazi ya vumbi ukiianza saa kumi na mbili asubuhi kwa vile hakuna jua, unga wote unasafiri kwenda majini. Mchana joto linakutesa lakini unga unabaki upande wako ambako unaweza kuuzuia kwa turubai na kuufagia.

Lowanisha chini kabla ya kuanza, punje zinashika kwenye maji. Fagia kila unapomaliza bati moja, usisubiri jioni, jaza kwenye viroba vya salfeti vizito ufunge, usivirundike karibu na mahali fundi anapochomelea, cheche moja inatosha. Ndoo ya mchanga na ya maji ziwe karibu.

Vile vipande vikubwa visivyo vya kuuza, wanaofuga wanavichukua bure kuzibia nafasi kwenye kuta mbili za kiangulio, ilimradi vifungwe ndani ya ubao kuku wasividonoe, kuku anakula kila kitu. Unga wa grainda hauna mteja, huo ni wa dampo kwenye kiroba kilichofungwa, na hiyo gharama ya dampo nayo iingize kwenye hesabu yako ya grainda unapoilinganisha na waya.